Kusi linapochafua bahari: upepo usomwe pamoja na maji

Kuanzia Juni hadi Agosti visiwa vyetu vya Unguja na Pemba huwa ndani ya kipupwe. Jua ni la upole, usiku watu hujifunika, na mgeni hudhani huu ndio wakati salama wa mwaka kwa kuwa masika yameshapita. Anayeishi Makunduchi, Jambiani, Kojani au Kisiwa Panza anajua vingine. Hii ndiyo miezi ambayo kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma mfululizo, siku baada ya siku, na mawimbi yanayotoka mbali kusini mwa Bahari ya Hindi huupiga mwamba usiku kucha. Radi hakuna, na wingu jeusi la kuogofya hulioni. Mbingu inaweza kuwa buluu tupu na bahari isivukike. Ndiyo maana kusi huwadanganya wengi kuliko mvua ya masika, ambayo angalau huja na kelele zake.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuuliza upepo ukoje bila kuuliza maji yako wapi. Upepo uleule unaokuruhusu kuvuka saa 5 asubuhi unaweza kukupindua saa 1 asubuhi, na unaweza kuiacha nyumba ya ufukweni salama wiki hii, wiki ijayo ukaibomolea ukuta. Tofauti ni maji.

Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yetu hupanda na kushuka karibu mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua hadi mita 1 hivi. Mwenye kufuata tarehe za mwezi mwandamo hahitaji jedwali ili apate makadirio. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu mwezi 14 au 15 (yaani siku ya 14 au 15 tangu uandame), maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Ukifika mwezi 8 au mwezi 22 mambo yameshageuka: maji yanajaa saa 4 na kukupwa saa 10, nayo ni mafu. Kilele chenyewe cha bamvua huchelewa siku 1 au 2 baada ya mwezi kuandama au kupevuka, kwa hiyo anayedhani hatari imepita kwa kuwa mwezi umeanza kupungua anahesabu mapema mno. Kwa saa kamili tumia jedwali la maji la bandari. Hesabu hii ni ya kukuwezesha kupanga siku ukiwa umekaa barazani.

Sasa weka upepo juu ya hesabu hiyo. Mchana ardhi ikishapata joto, upepo wa kutoka baharini huongezeka juu ya kusi, hasa upande wa mashariki, na alasiri ndipo unapokuwa mkali zaidi. Katika bamvua, alasiri hiyohiyo ndiyo saa ya maji kujaa. Maji yakiwa juu kiasi hicho, mwamba hauyavunji mawimbi kama unavyoyavunja maji yakiwa madogo. Yanapita juu yake na kufika ufukweni yakiwa na nguvu. Kwa hiyo kwa nyumba, banda la dagaa au vyombo vilivyo kando ya pwani, saa ya kuogopa ni kati ya saa 9 na saa 11 jioni, siku 3 au 4 zinazozunguka bamvua. Kazi ya kuhamisha vitu ifanyike asubuhi, maji yakiwa mbali na watu wakiwa na nafasi ya kutembea.

Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nazo zina namna yake ya kusomwa. Angalizo ni rangi ya njano, tahadhari ni chungwa, na tahadhari kubwa ni nyekundu. Maneno tunayoyasikia mara nyingi ni upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Wengi husikia mita 2 wakadhani hakuna wimbi litakalozidi hapo. Urefu wa mawimbi katika utabiri wa bahari kwa kawaida ni wastani wa ile theluthi moja ya mawimbi iliyo mirefu kuliko mengine. Wimbi mojamoja linaweza kukaribia mara mbili ya hapo, na wimbi hilo moja ndilo linalojaza chombo. Upepo nao hauongezi nguvu kwa kadiri ya kasi yake tu. Kasi ikitoka kilomita 40 ikafika 60, msukumo wake juu ya tanga, paa au mti unakuwa zaidi ya mara mbili. Anayesema "umezidi kidogo tu" hajaufanyia hesabu.

Kwenye mkondo ulio baina ya Unguja na bara, maji huingia kutoka ncha zote mbili yanapojaa, na hutokea ncha zote mbili yanapokupwa. Upande wa kusini, karibu na visiwa vya Chumbe na Pungume, maji yanayokupwa huelekea kusini, yaani yanakwenda kupambana na kusi uso kwa uso. Hapo mawimbi hufupika, husimama wima na hukaribiana, na chombo kinapotoka kwenye wimbi moja hakijapata kuinua omo, yaani sehemu yake ya mbele, kabla ya jengine. Katika bamvua, maji hukupwa kwa kasi zaidi kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, saa ambayo kwa macho bahari huonekana ya kuondokea. Mara nyingi ni bora kungoja maji yatulie karibu saa 4, yaanze kujaa na kwenda pamoja na upepo, kisha uwe umeshafika kabla ya alasiri. Eneo hilo si la kuchezea: MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ndani ya kusi, ikitokea Dar es Salaam. Kati ya Nungwi, kaskazini mwa Unguja, na Pemba ni kinyume chake. Pale mkondo mkubwa wa bahari huenda kaskazini mwaka mzima, na kwa kusi huzidi kasi. Mawimbi ya kusimama huja zaidi wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini unapoukabili mkondo.

Kwa mwenye mashua au boti ya mashine, ukaguzi wa kipupwe si uleule wa siku za shwari. Mafuta yagawe mafungu 3: moja la kwendea, moja la kurudia, moja la akiba lisiloguswa, kwa sababu kurudi kusini dhidi ya upepo hula mafuta kuliko kwenda. Mashine kuzimika katikati ya mawimbi mara nyingi hakutokani na ubovu wa mashine. Maji na uchafu uliotulia chini ya tangi kwa miezi kadhaa hutibuliwa na kule kurushwarushwa, vikaingia kwenye chujio na kuliziba. Safisha tangi na badilisha chujio kabla ya Juni, na chukua plagi za akiba, spana ya plagi na kamba ya kuvutia mashine, vyote ndani ya mfuko usiopitisha maji na uliofungwa mahali pamoja. Ndoo ya kutolea maji nayo ifungwe kwa kamba. Ndoo isiyofungwa huwa ya kwanza kuondoka na wimbi.

Mashine ikizimika, jambo la haraka ni kukizuia chombo kisilalie ubavu kwa mawimbi. Kama kina kinafikika, tia nanga kutoka omo. Kama hakifikiki, funga ndoo kubwa au tanga lililokunjwa kwenye kamba ya mita 30 na ulitupe kutoka omo: litavuta ndani ya maji na kuishika omo ielekee wimbi, na hapo utapata nafasi ya kushughulikia mashine. Usiifunge tezini, yaani nyuma. Ubao wa nyuma ndio mfupi, na huko ndiko maji yatakakoingilia. Mwenye tanga asingoje mlingoti ulie. Tanga litakaposhuka kwa shida limeshachelewa kutuliwa.

Uzito ndio unaoamua yote haya. Chombo kilichojazwa huzama chini, ukingo ukakaribia maji, na wimbi ambalo lingepita chini yake linaingia ndani. Maji yaliyoingia hukimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu na mizigo kupita uwezo wake. Abiria ana haki ya kushuka chombo kikiwa bado kimefungwa bandarini, na nauli iliyopotea isimzuie.

Ukiwa abiria, kaa karibu na mlango wa kutokea nje na ujue jaketi okozi ziko wapi kabla chombo hakijaondoka. Jaribu kuvaa moja: ukishafunga mikanda, mwenzako aivute mabegani kwenda juu, ikipanda ikafika kidevuni, haijakaza. Mtoto apate ya uzito wake, kwa sababu ya mtu mzima humtoka. Kila mtu mzima ashike mtoto mmoja anayemjua kwa jina. Buibui au kanzu ifungwe juu ya magoti, maana nguo ndefu ikilowa huizunguka miguu. Chombo kikilala upande, watu wote wasikimbilie upande wa pili kwa pamoja, wala upande ule ule kutazama. Na jaketi ya povu ni ya kuvaliwa mapema lakini mtu atoke nje nayo. Aliyebaki chumbani chombo kikigeuka, jaketi humnyanyua ikambana darini.

Chombo kikipinduka na kikaendelea kuelea, baki nacho. Watu wengi wanaojua kuogelea hupotea kwa kuifuata nchi wanayoiona. Maji ya bahari wakati wa kipupwe huwa nyuzi 25 au 26, na hayaonekani baridi, lakini mwili hupoteza joto humo saa baada ya saa. Kunja magoti kifuani, kaeni mmekumbatiana, watoto katikati. Anayebaki nchi kavu naye ana kazi: aandike saa chombo kilipoondoka, njia kiliyopita, idadi ya watu na rangi ya chombo, kisha awape KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) na Mamlaka ya Usafiri Baharini, au apige 112. Mkondo wa noti 3 (noti ni kipimo cha mwendo baharini) humpeleka mtu zaidi ya kilomita 5 kwa saa moja, na ndani ya kusi mara nyingi humpeleka kaskazini. Bila saa ya kuondoka, waokoaji hawajui waanzie wapi.

Vyombo vinavyobaki kwenye nanga huharibika zaidi kwa kamba fupi kuliko kwa kamba mbovu. Hesabu kina cha maji yakijaa, si yakikupwa. Mahali penye mita 3 wakati wa kupwa pana mita 7 wakati wa bamvua, na kamba iwe angalau mara 5 ya hapo, yaani mita 35, pamoja na mnyororo wa mita 3 hadi 5 karibu na nanga ili uvute kwa ulalo. Kamba ikivuta kwenda juu, huing'oa nanga. Mahali kamba inaposugua ukingo, ivishe kipande cha mpira wa maji kilichopasuliwa, na ukikague kila siku. Ngalawa na mitumbwi ipandishwe juu ya mstari wa majani ya bahari ulioachwa na bamvua lililopita, kisha mita kadhaa zaidi, igeuzwe kifudifudi na kufungwa kwenye kigingi au mnazi ulio imara.

Akina mama wa mwani wana hatari yao peke yao, na huzungumzwa kidogo mno. Mashamba ya Paje, Bwejuu, Jambiani na Chwaka hufikiwa wakati wa bamvua, maji yakikupwa asubuhi. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Ukigawa kupanda kwake kwa saa 6 katika mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2 na ya sita 1. Kwa bamvua la mita 3.6, saa ya kwanza inaleta sentimita 30 tu, ya tatu inaleta 90. Anayengoja maji yamfike magotini ndipo aanze kufunga magunia, safari yake ya kurudi inaangukia saa ya tatu, akiwa na mzigo uliolowa kichwani. Tena kusi likivuma siku kadhaa, maji yanayorushwa juu ya mwamba hujaza ndani mapema kuliko jedwali linavyosema. Geuka maji yanapogeuka. Njia ya kurudi ipite juu ya mafungu ya mchanga, na mifereji ivukwe mwanzo, kwa kuwa hiyo ndiyo inayojaa kabla ya mahali pengine ikakukata na pwani huku uliposimama bado ni pakavu. Mwani uliokwisha komaa uvunwe kabla ya taarifa ya upepo kutimia, kwa sababu mawimbi huukata kwenye taitai, zile kamba ndogo za kuufungia, na kuutawanya.

Nyumbani, paa huanza kung'oka kwenye kingo. Upepo unapopita juu ya bati huvuta kwenda juu, na ule unaoingia chini ya upenu husukuma kutoka chini. Nguvu hizo mbili zinakutana mwishoni mwa bati. Kwa hiyo kwenye upenu, kwenye kofia ya paa (kileleni) na pembeni, pigilia kila mgongo wa bati. Katikati unaweza kuruka mmoja. Msumari upite kwenye mgongo, si bondeni maji yanapopita, na uwe na mpira wake. Msumari uliolegea usiupigilie tena kwenye tundu lilelile, upeleke pembeni kidogo. Kenchi zifungwe kwenye lenta kwa waya mnene au bati la kufungia, kwa kuwa paa lililopigiliwa vizuri juu ya kenchi zisizofungwa huondoka likiwa zima. Paa la makuti lifunikwe kwa wavu mkuukuu wa kuvulia, uliofungwa chini ya upenu pande zote, na hii ni kazi ya asubuhi moja. Mwite mkwezi kabla ya Juni aangushe nazi kavu na makuti yaliyoning'inia karibu na nyumba. Pemba, vuno la karafuu linapoangukia ndani ya kusi, mtu asipande upepo ukiwa mkali au gome likiwa limelowa. Matawi ya mkarafuu hukatika upesi, na hayatoi onyo.

Jiko la mkaa ndilo jambo linalohitaji kusemwa kwa ukali. Usiku wa baridi na upepo, watu hufunga madirisha na kuliingiza jiko chumbani ili wapate joto au wakaushe nguo za mtoto. Moshi hauonekani tena, mkaa umeiva mwekundu, na hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu wala rangi. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Watu wawili ndani ya chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, watoke nje mara moja, kisha waende hospitali. Jenereta nayo ikae nje, mbali na dirisha.

Dhoruba za aina nyengine ni chache kwetu lakini zipo. Vimbunga huvifikia visiwa vyetu kwa nadra kwa kuwa tuko nyuzi 5 hadi 6 kusini mwa ikweta, ambako mzunguko wa dunia hausaidii sana upepo kujizungusha. Hata hivyo tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangamiza majahazi bandarini na mashamba ya mikarafuu na minazi, na Pemba iliyosalimika ikachukua nafasi ya kwanza katika karafuu. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Mwezi uliandama tarehe 8 mwezi huo, kwa hiyo kilikuja kabla ya bamvua. Upepo uleule siku 5 baadaye ungekuta maji makubwa.

Upepo ukishatulia, bahari hubaki imechafuka siku moja au mbili zaidi, kwa sababu mawimbi makubwa ya mbali huendelea kuja. Usiende kutazama chombo mpaka maji yakupwe. Waya wa umeme ulioanguka uachwe umbali wa mita 10 au zaidi hata kama taa zimezimika mtaa mzima, na taarifa ifike ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, na kwa sheha. Kisima kilichoingiwa na maji ya bahari au ya mafuriko kisinywewe bila maji kuchemshwa hadi yatokote sawasawa, na maji yaliyobaki na chumvi hayaondoki chumvi kwa kuchemshwa. Yatekwe na kumwagwa, kisima kijae upya.

Mashine iliyozama ina saa chache tu. Kutu huanza pale hewa inapokutana na chuma kilicholowa chumvi, kwa hiyo kama fundi hawezi kufika leo, iache ndani ya pipa la maji baridi yasiyo na chumvi badala ya kuianika juani. Fundi akiwepo, ioshe yote kwa maji baridi, toa plagi, ielekeze matundu chini na uvute kamba polepole ili maji yatoke. Ikigoma kuzunguka usilazimishe, maana maji hayabanwi na yatapinda vyuma vya ndani. Mwaga mafuta yote ya tangini, safisha kabureta, kausha nyaya, tia mafuta ya mashine kidogo kwenye kila tundu la plagi, zungusha mara kadhaa, rudisha plagi mpya kisha uiwashe. Iache iungurume nusu saa na zaidi hadi ipate joto na kukauka ndani, huku mtu akiangalia maji ya kupozea yanatoka.